Karatasi ya Arobaini na Tisa

Barua iliyompeleka ndugu yangu katika banda la farasi la Eskandar Khan ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na saba kati ya hiyo ilikuwa ya salamu tu. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa, kwa hiyo naweza kuieleza bila kuitazama. Mwandishi wake, Mfaranga, yaani Mzungu, tuliyemwita Musyo Berto, alianza kwa kuniulizia afya yangu, afya ya ndugu yangu na ya nyumba zetu mbili. Kisha akasema: "Karatasi ulizonitumia zimefika Baghdadi salama, lakini nikizipanga hazifuatani. Naona kipande kimoja kimebaki huko kwenu. Nakuomba ukitafute, na usimpe mtu mwingine yeyote ila mimi."

Barua hiyo haikunifikia mimi kwanza. Msafara ulioileta ulipumzika Abbasabad, kijiji cha Eskandar Khan, na msimamizi wa Khan, aitwaye Ghiyas, ana desturi ya kufungua kila kitu chenye lakiri. Kesho yake adhuhuri, watumishi wanne wa Khan waliingia mtaa wa watengeneza ngozi hapa Hamadan, wakamtoa ndugu yangu Karamali kwenye pipa la maji ya chokaa akiwa na aproni yake kiunoni, wakamfunga mikono na kumpandisha punda. Mimi nilikuwa darasani, nyumba ya tatu kutoka hapo. Hawakuniuliza hata jina.

Sababu ya kumchukua yeye na kuniacha mimi haikumshangaza mtu. Nilisoma madrasa ya Isfahani miaka tisa na navaa kilemba, na kilemba kina wenyewe: akiguswa mmoja wetu, wanazuoni wa mji mzima watapiga kelele. Aproni ya ngozi haina mwenyewe.

Aliyeniletea habari ni Golandam, mke wa Karamali. Alisimama mlangoni mbele ya wanafunzi wangu, shungi limemteleza, na hakunisalimu.

"Shemeji, kipande kiko wapi?"

"Kipande gani?"

"Usiniulize mimi kipande gani. Wametangaza mtaani kote: Mirza Fathollah ameficha kipande cha Barua ya Hazina. Kitoe, umpelekee Khan, nirudishiwe mume wangu."

"Golandam, sina kipande chochote. Karatasi zilikuwa arobaini na nane, na zote arobaini na nane nilizifunga kwa mkono wangu."

"Wewe unayehesabu mpaka zabibu kwenye wali, umekosea karatasi?"

"Sikukosea."

"Basi Mfaranga ni mwongo, Khan ni mwongo, mkweli ni wewe peke yako, na anayelala na farasi ni mume wangu."

Akageuka akaenda zake. Nilimalizia somo, kwa kuwa sijawahi kuacha somo katikati, lakini sikumbuki lilikuwa la nini.

Yafaa nieleze kazi yenyewe kwa utaratibu. Katika bonde la Abbasabad, chini ya mlima Alvand, kuna jiwe lililochongwa vibao viwili vya maandishi ya msumari, yaani alama zinazofanana na misumari iliyopigwa kila upande. Sisi tunaliita Ganjnameh, Barua ya Hazina. Bibi zetu wote walitufundisha kwamba wafalme wa kale waliandika hapo mahali walipozika dhahabu yao, na atakayeyasoma maandishi hayo atafunguliwa mlango. Kila kibao kina safu tatu, na kila safu ina mwandiko wake tofauti na wa jirani yake. Tangu babu wa babu zetu hakuna aliyeweza kusoma hata mmoja wa hiyo miandiko mitatu.

Kiangazi cha mwaka wa mwisho wa utawala wa Muhammad Shah, Musyo Berto alifika na hati ya ruhusa kutoka Tehran. Alinitafuta mimi kwa ajili ya mwandiko wangu, na Karamali kwa ajili ya ngazi na brashi zake. Alikaa nyumbani kwa Karamali siku sita, akaenda kwenye jiwe siku mbili tu, kisha homa ikamwangusha, akabebwa kwenye machela ya nyumbu kurudi Baghdadi. Kabla ya kuondoka alituachia karatasi na maelekezo: lowesha karatasi, ibandike kwenye jiwe, ipige kwa brashi mpaka iingie katika kila shimo, iache ikauke, ibandue, iandike namba. Kwa njia hiyo jiwe zima huweza kusafiri likiwa limekunjwa.

Tulifanya kazi siku kumi na tisa. Karamali alipiga karatasi kwa brashi ya nywele za farasi anayotumia kusugulia ngozi, na mkono wake ulijua nguvu inayotosha bila kutoboa. Mimi nilipanga. Kila kibao kilitaka karatasi sita kwa upana na nne kwenda chini, ishirini na nne kwa jumla, na vibao ni viwili. Nilinakili pia kila karatasi kwa kalamu, nibaki na kumbukumbu. Na kwa kuwa kingo zilikuwa na manyoya na zilipandana ovyo, nilizikata zote kwa wembe, zikawa sawasawa kama kurasa za kitabu. Karamali aliniambia, "Kaka, ziache tu, ngozi haikatwi kingo kabla mnunuzi hajaiona." Nikamjibu kwamba karatasi si ngozi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Sasa nilitakiwa kumwonyesha Khan karatasi ya arobaini na tisa.

Nilikwenda Abbasabad siku ya tatu. Eskandar Khan alikuwa amekaa juu ya zulia, kiko cha maji mkononi, mwewe wake wa kuwindia amefunikwa macho kando yake. Ghiyas alisimama nyuma na barua yangu.

"Mirza, mimi sisomi sana," Khan alisema, "lakini masikio yangu ni mazima. 'Kipande kimebaki, usimpe mtu mwingine.' Ghiyas, nimesikia vibaya?"

"Khan amesikia barabara, kama kawaida yake."

"Jiwe limo katika ardhi yangu. Maji yapitayo chini yake ni yangu. Ndege akilinyea, mavi hayo ni yangu. Wewe unampa Mfaranga karatasi arobaini na nane, halafu mimi unanificha ya arobaini na tisa?"

"Hakuna ya arobaini na tisa, Khan mtukufu."

"Basi tungoje itage mayai. Theluji ikifunga bonde sitakuwa na majani ya kulisha farasi na mtengeneza ngozi pamoja. Mmoja itabidi apungue, na farasi wangu nawapenda."

Nilimwomba nimwone ndugu yangu. Akaniruhusu, kwa kuwa kuona nako ni sehemu ya adhabu.

Karamali alikuwa amelala juu ya majani makavu, mnyororo umeshikizwa kwenye hori. Alijaribu kuinuka kwa heshima, akashindwa. Nyayo zake zilikuwa zimevimba na kupasuka.

"Usinikaribie sana, kaka," akasema. "Farasi wenyewe wamepeleka malalamiko kwa Khan kwamba nanuka chokaa."

"Wamekupiga lini?"

"Jana. Na Alhamisi ijayo tena, wameniahidi. Ghiyas anahesabu kwa sauti, tena polepole, anatamka vizuri. Ungempenda, ni mtu wa mpangilio kama wewe." Akashusha sauti. "Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Fimbo ya thelathini niliwaambia: hatua saba kutoka kwenye jiwe, upande wa kushoto. Ilibidi niseme kitu, na saba ni namba nzuri. Wamekwenda kuchimba leo asubuhi."

"Karamali! Wasipokuta kitu watakuua."

"Na wakikuta?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni nikaona hatanii.

"Umeibuni wewe mwenyewe," nikamwambia.

"Nimeibuni, ndiyo. Lakini ilinijia haraka sana, kaka. Kitu cha kubuni hakiji mbio namna ile."

Niliporudi nyumbani nilitoa nakala zangu za kalamu, nikazitandaza sakafuni darasani, kibao kimoja upande huu na cha pili upande ule, kila karatasi mahali pake kwa namba. Nilizihesabu. Nilipima kwa uzi. Nilifuata kila mstari kutoka karatasi hadi karatasi nikitafuta mahali ambapo jiwe lingeweza kutuponyoka. Hapakuwa na pengo hata la upana wa kidole. Nilifanya hivyo siku nne baada ya masomo, na kila siku nilipata jibu lile lile: kazi yangu ilikuwa kamili, na ndugu yangu alikuwa kwenye mnyororo kwa ajili ya ukamilifu huo.

Jambo moja tu jipya nililiona. Vibao vile viwili vilifanana neno kwa neno, ila katika sehemu chache. Nami niliyeandikia watu hati kwa miaka ishirini niliutambua upesi ule muundo, ijapokuwa sikuweza kutamka hata alama moja. Kila hati duniani husema ni nani anayesema, na ni mwana wa nani. Kundi la alama lililokaa mahali pa mwenyewe katika kibao cha kwanza, katika kibao cha pili lilikuwa limesogea na kukaa mahali pa baba. Hawa walikuwa baba na mwanawe, kila mmoja na hati yake. Niliandika hilo pembeni, nikaona halimsaidii Karamali.

Ikabidi niende kwenye jiwe lenyewe. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshashuka nusu ya mlima. Golandam alifuatana nami, kwa kuwa alikuwa anapeleka mkate na soksi nzito Abbasabad, na njia ni moja.

Mbele ya jiwe ardhi ilikuwa imefukuliwa vibaya. Mashimo matatu marefu, kila moja lingetosha kaburi, yalianzia kwenye hatua ya saba. Golandam aliyatazama, akafunika mdomo kwa shungi, kisha akaketi juu ya jiwe na kunitazama mimi. Nilitoa nakala, nikashika karatasi ya kwanza, nikaenda kusimama chini ya pembe ya juu ya kulia ya kibao cha kwanza ili nianze kulinganisha.

"Mbona unaanzia huko?" akauliza.

"Nianzie wapi? Kulia ndiko mwanzo."

"Mwanzo wa nani?"

"Wa kila kitu. Wa Qurani, wa barua, wa hesabu. Hata msikitini unaingia kwa mguu wa kulia."

"Sisi, ndiyo. Lakini yule Mfaranga wenu alipokuwa anaandika uani kwangu, mkono wake ulianza upande wa moyo ukawa unakimbilia huku, kama mtu anayefagia taka kuelekea mlangoni. Nilicheka mpaka Karamali akanikanya. Na wewe ulikuwepo, shemeji. Ulikuwa unakula lozi zangu."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimemwona akiandika siku sita, na nilijua tangu ujana wangu kwamba Wafaranga huandika kutoka kushoto. Nilijua, na bado nilipochukua kalamu ya kuandika namba moja mkono wangu ulikwenda kwenye karatasi ya kulia bila kuniuliza, kama mguu uendavyo kwenye kizingiti cha nyumbani. Na Musyo Berto, huko Baghdadi, alichukua karatasi ya kwanza akaiweka kushoto, ya pili kulia kwake, mpaka ya sita. Kisha safu ya pili, ya tatu na ya nne. Kila mstari aliukata vipande sita na kuupanga kinyume. Kama ningeziacha kingo zilivyokuwa, zile alama zilizorudiwa kwenye kingo za karatasi mbili jirani zingemwonyesha kosa kwa kutazama mara moja. Lakini nilizikata kwa wembe.

"Una nini?" Golandam akauliza. "Umekuwa mweupe kama unga."

"Ngoja," nikamwambia. "Niache nihakikishe."

Kwa maana lilibaki swali jingine: lile jiwe lenyewe lilianzia wapi? Katika safu ya kushoto kuna kundi la alama saba ambalo hurudi tena na tena, na kila mara limetengwa na makundi mengine kwa msumari mmoja ulioinama. Nilikuwa nimelinakili mara nyingi mpaka nalijua kama sura ya jirani. Nilipanda ngazi ya zamani ya Karamali, iliyokuwa bado imeegemezwa pale, nikafuata mstari kwa kidole. Nikakuta mahali ambapo kundi lile limekatika, kwa kuwa nafasi imekwisha. Alama zake tatu za kwanza zilikuwa mwishoni mwa mstari, upande wa kulia. Nne zilizobaki zilikuwa mwanzoni mwa mstari wa chini yake, upande wa kushoto. Mchongaji alifika kulia, nafasi ikamwishia, akashuka na kuanza tena kushoto. Jiwe liliandikwa kama Wafaranga waandikavyo. Lilikuwa katika nchi yetu, liliandikwa na wafalme wetu, nami niliamini bila kufikiri kwamba lazima lielekee nielekeako mimi.

Nilishuka. Sikuona furaha yoyote, ingawa nadhani kwa muda mfupi nilikuwa mtu wa kwanza wa Hamadan, kwa miaka mingi, kujua wapi pa kuanzia kulisoma.

"Kipande hakikupotea," nikamwambia Golandam. "Nilizipa namba kinyume."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Kamwambie Khan," akasema, akainua kikapu chake. "Nami nitakuwepo. Nataka nisikie ukilisema."

Khan alinisikiliza akiwa anakula maziwa ya mgando. Nilitandaza nakala juu ya zulia kwanza kwa jinsi nilivyozihesabu, kisha kwa jinsi Mfaranga alivyozipanga, nikaonyesha jinsi mistari inavyokatika. Nilimwonyesha kundi la alama saba. Nilimwonyesha baba na mwana. Nikamwambia: mtu haandiki mahali pa hazina yake mara mbili, jiwe kando ya jiwe, na kubadilisha majina tu; hii ni hati ya wafalme wanaojitaja, na safu tatu lazima ni habari ile ile kwa lugha tatu, kama mpiga mbiu wa sokoni anavyorudia tangazo kwa Kituruki na Kikurdi baada ya Kiajemi.

"Subiri," Khan akasema, kijiko kikiwa hewani. "Umesoma Isfahani miaka mingapi?"

"Tisa."

"Umefundisha miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Na unaniambia mbele ya mke wa mtengeneza ngozi kwamba hukujua kulia na kushoto?"

Ghiyas alianza kucheka kwanza, kisha watumishi, kisha Khan mwenyewe, mpaka mwewe akapiga mabawa. Nilisimama nikasubiri wamalize. Golandam hakucheka.

"Ndiyo, Khan mtukufu. Hivyo ndivyo ilivyo."

"Anajua kusema, huyu," Ghiyas akadakia. "Lakini mwizi akishikwa na kuku huwa pia na maelezo, Khan."

Nilivua kilemba changu, nikakiweka chini mbele ya Khan. Hilo sijawahi kulifanya mbele ya mtu tangu nilipovalishwa. "Nitamwandikia Mfaranga leo hii azipange upya. Jibu lake lifunguliwe hapa hapa, na Ghiyas. Likisema kipande bado hakipo, niwekeni mimi kwenye mnyororo. Mpaka hapo, mfungueni ndugu yangu."

Khan aliacha kucheka. "Okota kilemba chako, usije ukanigombanisha na mashekhe. Ndugu yako atakaa mpaka jibu lije, ila fimbo zitapumzika. Lakini hayo uliyosema yaandike. Kwa mwandiko wako mzuri, na muhuri wako."

Nikaandika: Mimi, Mirza Fathollah, mwalimu, nakiri kwamba sikujua kulia na kushoto. Ghiyas alihakikisha karatasi hiyo inabandikwa kwenye mlango wa hamamu, bafu la umma la soko la Hamadan. Kabla ya juma kwisha, wanafunzi wangu thelathini na mmoja walibaki sita, na waliokuja kuandikiwa hati walipita mlangoni kwangu wakielekea kwa mwandishi wa mtaa wa pili. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama jina la baba yake nitaliweka juu au chini.

Theluji ilifunga bonde. Jibu la Baghdadi lilichukua siku hamsini na mbili, likaletwa na mwendesha nyumbu aliyetembea siku mbili za mwisho kwa miguu. Katika siku hizo niliruhusiwa kumwona Karamali mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza kuhusu mashimo. Mara ya pili aliniuliza kama waliyachimba yakafika mwamba. Mara ya tatu hakuniuliza chochote, na vidole vitatu vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vimekuwa vyeusi kwa baridi.

Ghiyas aliifungua barua na kuisoma mbele yetu sote. Musyo Berto alisema amezipanga upya na hakuna kipande kinachokosekana. Safu ya kushoto, alisema, sasa inasomeka, na kwa kuwa safu zote tatu zasema jambo moja, hiyo iliyosomeka itawasaidia wataalamu kuzifungua mbili zilizobaki, jina kwa jina, kama vile mtu amjuavyo mgeni kwa kumwona akiwa na rafiki. Alinishukuru sana kwa habari ya baba na mwana, aliyoiona mwenyewe pia. Kisha akatafsiri kibao cha kwanza, na Ghiyas akasoma polepole, akitamka vizuri:

"Mungu mkuu ni Ahuramazda, aliyeumba dunia hii, aliyeumba mbingu ile, aliyemuumba binadamu, aliyeumba furaha kwa ajili ya binadamu, aliyemfanya Dario kuwa mfalme..."

Akaendelea hadi mwisho, hadi jina la baba wa mfalme na la ukoo wake.

"Hayo tu?" Khan akauliza.

"Hayo tu, Khan."

"Na kibao cha pili?"

"Yale yale, kwa jina la mwana."

"Mara mbili, kwa lugha tatu. Kwa hiyo ameandika mara sita kwamba yeye ni mfalme, na hakuna hata mara moja aliposema ameweka nini na wapi." Khan alivuta kiko chake. "Mchoyo. Mtoeni yule, amekula shayiri ya kutosha."

Walimleta wakiwa wamemshika makwapani. Golandam alikwenda akamfunika kwa shungi lake la nje, na nilibeba miguu yake mpaka kwenye punda.

Majira yote ya baridi yaliyosalia Karamali aliyapitisha nyumbani kwake, miguu chini ya blanketi la meza yenye makaa chini yake. Nilikwenda kila siku baada ya somo la wale wanafunzi sita. Golandam alinipa lozi. Siku moja alipotoka kwenda kuchota maji, Karamali alinishika mkono.

"Sasa hawapo," akasema. "Tuko mimi na wewe. Iko wapi?"

"Nini, mdogo wangu?"

"Kaka, nimekaa kimya siku sitini na tisa. Sikukutaja. Nimepoteza vidole kwa ajili yake. Mimi si Khan, niambie."

Nilimsomea barua ya Musyo Berto yote, hata salamu. Nilimweleza baba na mwana. Alisikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa mahali panapofaa, kama wanafunzi wanavyofanya wakiwa hawafuati.

"Hayo ni ya kumsomea Khan," alisema nilipomaliza. "Umefanya vizuri sana. Sasa niambie ya kwetu."

Aliniuliza tena kesho yake, na mwezi uliofuata, bila hasira. Theluji ilipoyeyuka alikodi punda. Golandam alinijia darasani, safari hii alisubiri wanafunzi watoke.

"Anataka kwenda kule," akasema. "Nimelia, nimemtukana, nimemfichia viatu. Anasema nisipomruhusu atatambaa. Nenda naye, shemeji. Wewe huwezi kumkatalia, na mimi sitaki awe peke yake."

Tulikwenda asubuhi. Maji yalikuwa yanashuka Alvand kwa kelele, na mashimo ya Khan yalikuwa yamejaa tope na majani mabichi. Nilimshusha Karamali juu ya jiwe lile alilokalia Golandam siku ile. Alinitaka kwanza nimwonyeshe kwa kidole jinsi maandishi yanavyokwenda, nami nikamwonyesha, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, nikimsomea tafsiri kwa moyo. Nilipofika kwenye furaha ya binadamu hakuonekana kusikia. Alikuwa anayatazama mashimo, midomo yake ikihesabu.

"Walichimba mbele ya kibao cha kushoto," akasema hatimaye. "Hatua saba. Ndivyo nilivyowaambia, kutoka upande wa kushoto."

"Ndivyo."

"Lakini kaka, fimbo zilikuwa thelathini. Mtu akipigwa hivyo anaweza kukosea upande. Hata wewe, bila fimbo, ulikosea." Alinitazama bila dhihaka yoyote, akanyoosha mkono akaniashiria sururu iliyofungwa kwenye tandiko la punda. "Labda ni kutoka kulia."

Nilifikiria kumwambia tena yale yote niliyokwisha kumwambia. Kisha nikaona miguu yake, iliyofungwa kwa ngozi laini aliyoitengeneza mwenyewe, kiatu cha kushoto kifupi kuliko cha kulia. Nilivua joho langu nikalikunja, nikaweka kilemba juu yake. Nikafungua sururu, nikaenda kusimama chini ya kibao cha kulia, mgongo kwenye jiwe, nikaanza kuhesabu hatua.

"Kwa sauti, kaka," Karamali akasema. "Nisikie."

"Moja," nikasema. "Mbili."